Sukari ya Jambazi

Mfupa wa paja la ng'ombe ulipita karibu na sikio la mgeni kabla hajatua begi lake. Ulikwenda ukagonga nguzo ya taa ng'ambo ya barabara, ukaanguka mtaroni, na mbwa wawili wakaanza kuugombea. Mgeni alibaki amesimama mlangoni mwa bucha, karatasi yenye anwani mkononi, miguu bado inayumba kwa safari ndefu. Basi lilikuwa limemshusha kituo ambacho sicho. Alikuwa ameuliza njia kwa watu kadhaa, na wote walimwelekeza vilevile: nenda tu mpaka usikie kelele.

"Samahani, mwenzangu," sauti ya mwanamke ikatoka ndani. "Haukuwa wako. Ulikuwa wa huyu."

Huyu alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, amejikunyata nyuma ya mzani, glasi ya chai mkono mmoja na biskuti mkono wa pili. Hakuwa amemwaga hata tone. Ilionekana amezoea.

"Nimekuja kwa ajili ya chumba," mgeni akasema.

"Kipo, huko juu. Kama huogopi damu."

"Ya nani?"

Mwanamke akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akacheka hadi panga likatikisika mkononi. "Huyu atakaa," akamwambia yule mwembamba.

Mgeni alikuwa mtu wa kuzunguka, aliyeishi kwa kuandika habari za miji ya watu, na alikuwa amepanga kukaa siku chache. Akakaa, kama alivyoambiwa.

Mwenye bucha aliitwa Shoka. Jina alilopewa na wazazi halikutumiwa tena na mtu yeyote, hata na mdogo wake, yule mwembamba, ambaye naye hakuitwa jina lake bali Biskuti. Lile la Shoka alilipata siku alipomtoa mume wake. Bucha ilikuwa ya mume, na mume alikuwa na mkono mwepesi: kila jioni akishafunga duka, alimfungulia mkewe kipigo. Jioni moja mke alikuwa na shoka la kupasulia mbavu mkononi, na mume alipoanza, yeye hakuliweka chini. Hakumkata. Alipasua mlango, akapasua kitanda, akapasua kiti ambacho mume alikuwa ameshakiruka sekunde ileile. Mume aliondoka na viatu mkononi, akaiacha bucha.

"Niliipata kwa jasho," Shoka alipenda kuwaambia wateja. "La kwake."

Wiki ileile akaja paka, dume la kijivu lenye kichwa kipana kama ngumi. Alipanda juu ya gogo la kukatia nyama, akachukua kipande cha bandama. Shoka akamrushia jiwe la mzani, likampasua sikio. Paka akatoka mbio, akazunguka nyuma ya jengo, akaingia tena kwa mlango wa mbele, akalala katikati ya sakafu na kula bandama lake huku damu ikimchuruzika hadi mdomoni. Shoka alikuwa ameshainua jiwe la pili. Akalirudisha mahali pake.

"Katika wote niliowapiga," alimwambia mgeni, "ni huyu tu aliyerudi kudai."

Ndiyo maana akamwita Jambazi. Biskuti naye alikuwa anarudi kila alipopigwa, lakini yeye hakuhesabiwa, kwa kuwa hakudai chochote. Zamani alikuwa utingo wa malori. Lori lake likapinduka, dereva akafa, naye akaja kwa dada yake kupumzika kidogo. Kidogo hicho kilikuwa hakijaisha. Alikata nyama vibaya, alichelewa kuamka, na alikunywa chai yenye sukari nyingi hivi kwamba nyingine haikuyeyuka, ikabaki imelala chini ya glasi kama mchanga. Dada yake alimpiga kofi asubuhi kama watu wengine wanavyosalimiana.

Mambo yalikuwa yamechacha kabla mgeni hajafika, Jambazi alipougua. Alianza kunywa maji ya ndoo ya kudekia, akaimaliza, akasubiri nyingine. Akakojoa pembe zote za duka. Akakonda mgongo hadi uti ukahesabika, ingawa alikula kuliko zamani. Kisha miguu ya nyuma ikamlegea, akawa anatembea kwa visigino kama mzee aliyevaa kandambili kubwa. Shoka akamtia kwenye gunia, akampeleka machinjioni kwa daktari wa mifugo, ambaye kila alfajiri aligonga mihuri kwenye nyama.

"Mimi ni wa ng'ombe," daktari akasema.

"Basi fikiria ni ng'ombe mdogo mwenye kiburi."

Daktari akamtoboa sikio, lile zima, akapata tone la damu na, kwa makucha ya Jambazi, jeraha refu kwenye kifundo cha mkono wake. Mashine ya kupimia ikakataa hata kutoa namba. Ikaandika tu kwamba imepita kiasi.

"Ana sukari," daktari akasema.

Shoka aliichukua kama tusi. "Huyu hajawahi kulamba sukari. Huyu anakula nyama kuliko wewe." Halafu akakumbuka kwamba majuzi alimkuta Biskuti akimpa Jambazi kipande cha biskuti kilichochovywa kwenye chai. Toka hapo kesi ilikuwa imeshahukumiwa.

Daktari alimwagiza mambo matatu. Paka ale nyama tupu, na hilo halikuwa shida. Achomwe insulini asubuhi na jioni. Na dawa ikae kwenye friji wakati wote, isikae joto. Shoka aliyashika yote kama askari. Mtu aliyemwona akikata mifupa asingeamini jinsi alivyokibeba kile kichupa, kwa vidole viwili, kama yai la ndege.

Lakini sukari haikushuka. Kila alipokwenda kupima, mashine ilitoa jibu lilelile, na kila mara daktari alikuna kichwa na kusema aongeze mstari mmoja kwenye sindano. Mgeni alipohamia juu, mistari ilikuwa imeongezwa mara nyingi hadi daktari mwenyewe aliitamka kwa sauti ya chini.

Asubuhi ya kwanza mgeni alishuka akakuta vita. Shoka alikuwa amempigia Jambazi magoti, amemfunga kwenye aproni, kichwa tu ndicho kiko nje, na kichwa hicho kilikuwa kimeuma mzizi wa kidole gumba chake na hakiachii. Mikono ya Shoka ilikuwa na michirizi kuanzia viganjani hadi kwenye viwiko, mipya juu ya ya zamani. Kichupa alikuwa amekibana kwapani. Mgeni aliona ni upole: anaipasha dawa joto isimuume mgonjwa.

"Shika miguu," Shoka akaamuru. "Nimpige sindano."

Mgeni akashika, akala makucha yake ya kwanza. Baadaye, akijifuta damu kwa maji ya chumvi, alisema kwamba katika lugha nyingine alizowahi kuzisikia, mtu hupewa sindano. Hapigwi.

"Sisi tunapiga kila kitu, mdogo wangu," Shoka akasema. "Pasi tunapiga, simu tunapiga, mswaki tunapiga. Ukivibembeleza haviendi."

"Na mimi," Biskuti akasema kutoka nyuma ya mzani.

"Wewe hata ukipigwa huendi."

Wateja wakacheka. Biskuti naye akacheka, lakini akasogeza mzani kidogo, ukawa katikati yao.

Kofi la asubuhi lilikuwa limegeuka kuwa upekuzi. Shoka alimkung'uta mdogo wake mifuko, alinusa mikono yake, alimpapasa shati kama askari wa gereza. Makombo yakionekana sakafuni, Biskuti alipigwa kwa kile kilichokuwa karibu: ufagio, kamba, mara moja ulimi mzima wa ng'ombe, uliomwangusha chali. Siku nyingine Shoka alimwona Jambazi akitoka chini ya meza ya fundi cherehani wa jirani akijilamba. Akaingia, akamkamata fundi kwa ukosi na kumtaka afungue mdomo amnuse kama amekunywa chai ya maziwa akamgawia paka. Fundi alikataa kufungua mdomo. Ulifunguliwa, na ukashonwa hospitalini.

Kisha daktari akasema neno ambalo Shoka alikataa kulirudia mbele za watu. Biskuti ndiye aliyemnong'oneza mgeni ngazini. Kama sukari haishuki na miguu inazidi kuisha, ni heri Jambazi apumzishwe. Kipimo cha mwisho kiliwekwa siku ya Ijumaa.

Shoka alirudi kutoka machinjioni akapiga panga kwenye gogo, likasimama lenyewe. "Sikilizeni wote," akasema, na duka lilikuwa limejaa. "Ijumaa nampeleka Jambazi. Asiposhuka sukari, atakayempumzisha ni daktari. Lakini huyu hapa nitampumzisha mimi. Atatoka kwangu na mifupa ambayo nitakuwa nimemwachia."

"Dada, mimi simpi kitu," Biskuti akasema. "Nilimpa ile siku moja."

"Nani kala sukari hapa ndani? Mimi? Mgeni? Ng'ombe huyu aliyening'inia?"

Biskuti alikuwa na glasi mkononi, na kila mtu aliiona.

Mwanzoni mwa wiki ile ililetwa shehena ya mbuzi kwa ajili ya harusi ya mtu. Friji ya bucha, sanduku jeupe refu kama jeneza lililokuwa likinguruma nyuma ya duka mchana kutwa, ilijaa hadi kifuniko kikawa hakifungi. Shoka alikuwa ametoka kununua kichupa kipya. Akapanda nacho ngazi, akagonga kwa mgeni.

"Una friji humu?"

Mgeni alikuwa na kijokofu kifupi alichorithi kwa mpangaji aliyetangulia, kilichoweza kupoza maji na nyanya, si zaidi.

Shoka akatia mkono ndani, akakunja uso. "Hii ni friji au kabati? Haina baridi." Lakini hakuwa na pengine. Akakiweka kichupa kati ya nyanya. "Mpaka mbuzi wapungue."

Asubuhi iliyofuata alikuja kukichukua, akajaza sindano hadi kwenye mstari ule wa juu ambao daktari aliutaja kwa sauti ya chini, akampiga Jambazi. Jambazi akamchana, kama kawaida. Duka likafunguliwa.

Ilikuwa karibu na adhuhuri, wateja wamepanga foleni hadi nje, Shoka ananoa kisu kwenye chuma chake kirefu cha kunolea. Jambazi akatoka chini ya gogo. Alitembea kama mlevi, akagonga ukuta kwa bega, akasimama, akatazama mahali pasipo na kitu. Kisha akaanguka ubavu. Miguu yote minne ikaanza kukimbia hewani, meno yakawa yanagongana, povu likamtoka.

Biskuti ndiye aliyekuwa karibu. Alichuchumaa. Aliinamisha kichwa kumwangalia, na kwa kuwa alikuwa Biskuti, mkono wake wa kushoto ulikuwa na glasi ya chai.

Hicho ndicho Shoka alichokiona alipogeuka: paka anakufa sakafuni, na mdogo wake juu yake na glasi.

"Umempa nini?"

Biskuti akainua mkono wa kulia, kiganja wazi, ama kujibu, ama kujikinga. Chuma kikashuka juu yake. Kilishuka mara ya pili kabla mtu hajavuta pumzi. Katika duka la nyama kila mtu ameshasikia mfupa ukivunjika, lakini huu ulitoa sauti tofauti, mbichi, na Shoka, ambaye masikio yake yalijua mifupa kuliko kitu kingine, aliisikia kabla ya yeyote. Mkono wa Biskuti ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakupiga kelele. Aliketi tu kwenye maji yenye damu, glasi bado iko wima katika mkono wa kushoto.

Shoka alikuwa ameinua chuma mara ya tatu. Mgeni, aliyekuwa ngazini, hakujua baadaye alifikaje chini. Alikumbuka tu kwamba alijitupa mgongoni mwa yule mwanamke kama mtoto anayebebwa, akaing'ang'ania shingo, akatupwa kwenye foleni ya wateja, bega likagonga ukingo wa mlango. Lakini simu ilikuwa mkononi mwake, na alikuwa ameshampigia daktari.

"Ameanguka, anatupatupa miguu," akasema akiwa chini.

"Amechomwa leo?"

"Asubuhi."

"Mpakeni sukari kwenye ufizi. Sasa hivi. Asali, soda, chochote kitamu. Msimwagie kooni, atapaliwa. Pakeni ufizi tu, sukari imemwishia mwilini. Nakuja."

Mgeni akayarudia maneno yale kwa sauti. Duka zima likamtazama kama mtu aliyetukana msibani.

"Sukari?" Shoka akasema. "Huyu sukari ndiyo inayomuua."

"Imemwishia. Daktari anasema imeisha mwilini."

Shoka alisimama na chuma chake hewani. Hakujua akipeleke wapi. Ni Biskuti aliyefanya. Aliegemea ubavu, akamwaga chai iliyobaki, akaiweka glasi sakafuni na ile sukari nzito ya chini yake. Alichovya kidole cha mkono wake mzima. Akakitia pembeni mwa taya la Jambazi, akasugua ufizi. Akachovya tena. Meno yalikuwa yanagongana juu ya kidole chake, damu yake ikachanganyika na sukari, naye akaendelea kusugua, jasho linamtiririka puani, huku mkono wa kulia umelala pembeni kama kitu cha mtu mwingine.

Friji ilisikika ikinguruma nyuma ya duka.

Kisha miguu ya Jambazi ikapunguza mbio. Ikasimama. Jicho moja likageuka, likamwona aliyekuwa na kidole mdomoni mwake, na taya likafunga kwa makusudi, hadi mfupani.

"Ameniuma," Biskuti akasema.

Kulikuwa na mwanamke kwenye foleni aliyeanza kulia.

Daktari alifika kwa pikipiki, buti zake bado na tope la machinjioni. Alipima: safari hii mashine ilitoa namba. Hakuwa amewahi kupita kaunta ya duka lile, ingawa aligonga mihuri ya nyama yake miaka mingi. Akauliza paka amekula nini, amechomwa mistari mingapi, dawa ilikuwa wapi.

"Hii ya leo ilikaa kwa mgeni, juu," Shoka akasema. "Ya siku zote huwa kwenye friji, kama ulivyosema."

"Nionyeshe."

Shoka akainua kifuniko cha lile sanduku jeupe. Moshi wa baridi ukapanda. Akasogeza mapaja ya mbuzi, magumu kama magogo ya kuni, akatia mkono hadi kwenye kwapa, akatoa kichupa cha zamani kutoka chini kabisa, mahali alipokuwa amekichagulia kwa sababu ndipo penye baridi kali kuliko pote. Daktari akakipindua. Hakikutoa sauti. Ndani yake mlikuwa na barafu, ile aliyokuwa akiiyeyusha kwapani kila asubuhi.

"Nilisema friji," daktari akasema.

"Hii ni nini?"

Daktari akaitazama friji. Katika bucha zote alizozijua, hata sanduku la kugandisha nyama huitwa friji. Yeye mwenyewe aliliita hivyo.

"Insulini ikiganda imekufa," akasema hatimaye. "Hata ukiiyeyusha. Siku zote hizo ulikuwa unamchoma maji. Nami nikiona sukari haishuki, nikaongeza mstari. Nikaongeza. Leo umemchoma dawa nzima, kwa kipimo cha dawa iliyokufa."

"Kwa hiyo hakumpa kitu."

"Nani?"

Shoka alikuwa anamtazama mdogo wake, aliyeegemea gogo, uso umepauka kama nyama iliyochemshwa. Alivua aproni. Akaikunja, akamfungia nayo mkono kwa ustadi, bila kumsogeza mfupa, kama mtu anayejua viungo vinapokutana. Akamwinua mabegani kama nusu ya ng'ombe, akatoka naye barabarani kwa miguu hadi hospitali. Mgeni alifuata.

"Imekuwaje?" muuguzi akauliza.

"Nilianguka," Biskuti akasema. "Sakafu ya bucha inateleza."

"Nimempiga mimi," Shoka akasema. "Kwa chuma. Mara mbili."

"Dada, nyamaza."

"Usinidanganyie. Andika, mwanangu. Mara mbili."

Ijumaa ilifika. Daktari alikuja mwenyewe bucha, akapima. Kwa mstari mmoja tu wa dawa nzima, sukari ilikuwa imeshuka, bado juu, lakini ni ile inayoweza kusemeshwa. Visigino vitachukua muda, alisema. Biskuti alikuwa nyuma ya mzani, mkono kwenye plasta, anakata vibaya zaidi kwa mkono wa kushoto. Toka hospitali, dada yake alikuwa hajamgusa hata kwa kumpisha njia, na hilo lilimtia Biskuti wasiwasi kuliko makofi.

Askari alikuja daktari akiwa bado anafunga mkoba. Alikuwa mteja wa maini, mtu mpole. Alivua kofia.

"Shoka, dada yangu. Twende tukaandikishe."

"Nilikuwa nakungoja jana."

"Jana kulikuwa na mvua."

"Mimi silalamiki kwa mtu," Biskuti akasema. "Afande, mimi sijalalamika."

"Si wewe, kaka. Hospitali imeandika. Na yupo fundi mwenye mdomo pia."

Shoka alinawa mikono, akasugua kila kucha. Alimkabidhi Biskuti funguo za duka. Biskuti akazipokea kwa mkono wa kushoto bila kujua azitie wapi. Shoka akakitoa kichupa kipya kwenye mfuko wa gauni, akampa mgeni.

"Kwako juu. Kati ya nyanya."

"Nitakuwa naondoka wiki ijayo," mgeni akasema.

"Najua. Mpaka nirudi." Alisema kama vile hizo mbili zilikuwa kitu kimoja. "Usimkamate. Nimemkamata muda wote huu, tazama mikono yangu. Mwekee chakula. Akiinama kula, ngozi ya ubavuni inalegea, ndipo umpe."

Jambazi alikuwa amelala mlangoni, kwenye jua. Shoka alisimama juu yake kidogo. Hakuinama. Akamruka, akatoka, askari nyuma yake hatua kadhaa, na wapita njia wakapisha kama walivyopisha siku zote.

"Shoka," mteja mmoja akaita, "kesho kuna maini?"

"Muulize Biskuti. Ndiye mwenye duka."

Jioni mgeni alishuka na sindano. Biskuti akaweka bandama sakafuni, akarudi nyuma ya mzani wake. Jambazi akaja kwa visigino, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akainamisha kichwa kilichopasuka sikio. Mgeni akapiga magoti.